Kutoka Tinde Hadi Ziwani kwa Pumzi Moja

Kama unasoma maneno haya, au unasomewa, ukiwa kitandani katika wodi ya wagonjwa wa kifua, ujue kwamba aliyeyaandika amelala hapo mara mbili. Mara ya kwanza niliingia nimekonda. Mara ya pili niliingia nimenenepa, na hiyo ya pili ndiyo iliyotaka kunimaliza. Namna dawa inavyofanya kazi mwilini waulize waliosomea. Mimi ni mkulima wa pamba na manju wa jembe, na kilichokuwa kikiniuma sana si kifua chenyewe, ni pumzi iliyotoka humo ikakataa kurudi.

Kwetu, upande wa Tinde, watu hawalimi kimya. Mvua zikianza, kikundi hulima shamba la mtu mmoja leo na la mwingine kesho, wake kwa waume, ngoma ikiwa pembeni. Mbele husimama manju, yaani mwimbishaji. Manju akianza mwito, majembe yote yanapanda. Akimaliza, yanashuka pamoja. Mwito ukiwa mfupi kazi inakwenda mbio. Ukiwa mrefu, majembe yanangoja hewani, mikono inatetemeka, watu wanaanza kucheka, na yanaposhuka ardhi inatoa mlio unaousikia tumboni. Na desturi ni moja: hakuna anayeshusha jembe kabla manju hajamaliza. Afadhali mkono ukatike.

Mwito wetu mrefu aliutunga marehemu baba. Ujanani aliswaga ng'ombe kutoka Tinde hadi ziwani, na ndani ya mwito alitaja kila mahali alipolala: Tinde, Shinyanga, Solwa, Salawe, Misasi, Misungwi, Usagara, na mwisho maji. Kila mahali palikuwa na neno lake. Solwa walimnyima maji, Salawe walimpa matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, na Misasi alipoteza ndama. Yote hayo kwa pumzi moja, bila kuiba hewa katikati. Baba alipofariki niliurithi mwito huo, maana sikuwa na ndugu wa kiume. Shija, mpiga ngoma wetu na rafiki yangu tangu tulipokuwa tukichunga pamoja, anaijua ngoma kuliko mtu yeyote, lakini akiimba hata mbuzi wanageuka kumtazama. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu na mwito ule, na nisipoweza kuuita, basi ningebaki nauangalia unavyokufa.

Ugonjwa niliujua kwanza kwa mwito, kabla ya kikohozi. Nilikuwa nimerudi kutoka machimbo ya dhahabu upande wa Geita, nilikokwenda msimu mmoja kutafuta mtaji wa ng'ombe. Tulikuwa tunalima kwa jirani. Nilifika Misungwi nikaona hewa imekwisha, ikabidi nimeze Usagara haraka haraka ili majembe yashuke. Shija alinitazama juu ya ngoma yake. Baada ya hapo nikawa naishia Misasi, kisha Salawe. Usiku natoka jasho hadi mkeka unalowa. Mama alisema nimerogwa na manju wa kikundi kingine, akanipeleka kwa mganga, nikachanjwa chale kifuani ambazo bado ninazo. Simlaumu. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, na alitumia njia aliyoijua. Lakini nilipotema damu mbele ya binti yangu Kabula, mke wangu hakuuliza mtu. Alifunga kibuyu cha maziwa na kitenge kimoja, akasimamisha lori la pamba barabarani, na jioni tulikuwa hospitali ya misheni.

Pale kungoja kulikuwa kazi yenyewe. Kulikuwa na benchi refu barazani, ukifika unakaa mwisho. Wa mbele akiitwa, wote tunasogeza makalio. Wagonjwa wa kifua tulijuana bila kutazamana: ndio tulioinamia ukutani tukikohoa, na wenye vidonda na homa wakaacha nafasi kati yetu na wao. Mama Kabula, ndivyo ninavyomwita mke wangu, alikwenda kukaa katika nafasi ile. Alikaa hapo kutwa, akimenya karanga, hadi jina langu lilipoitwa. Ukiwa na mtu wa kukaa katika nafasi ile, usimsahau.

Vitanda vyetu vilikuwa kwenye veranda iliyo wazi, ili tupate hewa. Asubuhi ilikuwa sindano. Mchana ilikuwa unga mchungu wa kukoroga kwenye maji, mwingi, uliokufanya utamani uji wa jana. Kila mmoja alikuwa na kopo lake la makohozi lenye mfuniko, sahani yake na kikombe chake, na mimi niliyezoea kunywa kwenye kibuyu kimoja na kundi zima niliona kile kikombe kama adhabu. Sindano zilipozidi, masikio yakaanza kulia, mlio mwembamba usiokatika, kama wa mbu asiyetaka kutua. Nikisimama, sakafu inakwenda upande. Niliogopa. Pumzi imekwenda, na sasa masikio nayo yanataka kwenda. Nilimwambia Sista, mtawa aliyesimamia wodi yetu, akapunguza sindano, mlio ukashuka lakini haukuisha. Hata leo, pakiwa kimya sana, ninausikia.

Kitanda cha jirani alikuwa Mzee Idi, mtu wa Ujiji aliyezeekea kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuwa na kinanda cha mdomo, na Sista alikuwa amekipiga marufuku. Basi kila jioni kabla ya chakula alikitoa chini ya mto, akakiweka mdomoni, akakipitisha kulia na kushoto bila kupuliza hata kidogo. Mguu wake ulipiga mapigo chini ya shuka. Mimi niliutazama mguu nikikisia wimbo.

"Huo ni wa harusi," nilimwambia siku moja.

"Wa mazishi," alisema. "Ila ukiuharakisha unakuwa wa harusi. Na wewe, Msukuma, unaimba nini humo kichwani? Naona shingo inavimba."

Nikamweleza habari za mwito wa baba. Alinitaka niutaje polepole, mahali kwa mahali, naye akawa anafumba macho kama mtu anayepanda lori. Tangu siku hiyo ikawa mchezo wetu: yeye na kinanda kisicholia, mimi na mwito usiotoka. Kichwani nilifika ziwani kila jioni bila taabu yoyote, na hilo ndilo lililonitia uchungu. Niliutamani mwito ule kuliko chakula, kuliko kuoga mtoni, na Mungu anisamehe, siku nyingine kuliko nyumbani.

Mama Kabula alikuja kila alipopata lori. Watoto hawakuruhusiwa, kwa hiyo Kabula alisimama nje ya uzio na kunipungia mkono, kisha akachoka akaanza kucheza na kokoto, nami nikawa naangalia kisogo chake. Nilimwuliza mke wangu jioni anafanya nini, nyumba ikiwa haina sauti yangu.

"Natwanga," alisema.

Kila safari niliuliza, na kila safari alijibu hivyo hivyo. Siku aliyokuja na mama, mama akadakia. "Anatwanga? Mchi anauinua halafu unakaa juu kama amesahau alikuwa anafanya nini. Unga haupatikani. Mwanangu, mkeo amekuwa mvivu." Mama Kabula aliangalia chini, akapanga machungwa kwenye kikapu. Nilidhani ni mawazo yanamsumbua, nikamwonea huruma.

Niliruhusiwa baada ya mavuno, wakati wa ngoma. Nilikuwa mnene. Kulala kutwa, kunywa maziwa na kula mayai ya misheni kulikuwa kumenijaza mashavu hadi suruali niliyoingia nayo haikupanda. Sista alinishika bega. "Nyumbani, msimu mzima wa mvua, hakuna jembe na hakuna kuimba. Unatembea kidogo, unapumzika, unarudi tukutazame." Nikaitika.

Sasa ndipo kosa letu, na nalisema kwa sababu huenda kwenu pia lipo. Kwetu mtu mnene ndiye mzima. Ukitaka kumsifu mtu kwa afya, unambana mkono ukisema umejaa. Nilipoteremka kwenye lori, wanawake walinibana mikono hadi ikauma. Mama alinishika mashavu akalia kwa furaha. Mbuzi akachinjwa. Mvua za kwanza ziliponyesha, Shija akaja asubuhi.

"Mwangaluka, manju."

"Mwangaluka."

"Jumamosi tunalima kwa baba mkwe wako. Watu wanauliza."

"Sista amekataa. Nisishike jembe wala nisiimbe."

Shija akanizunguka kama anayenunua fahali. "Amekataa mtu mwenye shingo hii?"

"Alisema msimu mzima," Mama Kabula alisema kutoka jikoni.

"Mayu," mama yangu akamwambia, "mtazame mumeo. Huyo ni mgonjwa? Wagonjwa hatuwajui sisi?"

Wakanitazama wote. Nami nikautazama mkono wangu mwenyewe, ulivyojaa, nikauamini. Isitoshe, manju mwenye mwili ule akikataa kuita kwenye shamba la mkwewe, watasema amewadharau watu. Na kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa na hamu. Hamu ilinizidi kuliko maneno ya Sista.

Jumamosi nikasimama mbele. Udongo ulikuwa unanukia mvua. Nikaita Tinde, majembe yakapanda. Shinyanga. Solwa. Hapo kifua kikafunga, kama mlango uliosukumwa kwa ndani. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Majembe yakabaki juu. Niliyaona yote, chuma kimepakwa matope, na chini yake nyuso zinazonitazama, na hakuna aliyeshusha, kwa sababu sikuwa nimemaliza. Mikono ikaanza kutetemeka. Safari hii hakuna aliyecheka. Nikakohoa, na damu ikaja. Shija akapiga ngoma pigo moja kubwa kuwafungua, na majembe yakashuka ovyo, moja moja, kama mahindi yanayomwagika sakafuni.

Mara ya pili hospitalini ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Mwili ulijua tayari sindano zinauma wapi. Nyumbani nako hakukukalika. Mama alisema maneno ya uoga ya mke wangu ndiyo yaliyouita ugonjwa urudi, wakawa wanalima shamba moja bila kusemeshana. Baba mkwe alituma mtu kumwambia binti yake arudi kwao hadi mambo yatakapoeleweka. Mama Kabula alijibu kwamba pamba haijachumwa. Ilipokwisha kuchumwa akajibu kwamba haijapelekwa ghalani. Hayo niliyasikia kwa Shija, yeye hakuniambia hata siku moja.

Mzee Idi alikuwa bado yuko pale. Aliponiona naletwa na mashavu yangu alicheka hadi akakohoa. "Msukuma, mwili ni mnafiki," alisema alipopata sauti. "Unakuonyesha nyama ili usiulize kilicho ndani. Siku nyingine ukitaka kujua kama umepona, iulize pumzi."

Alifariki mwisho wa kiangazi, asubuhi, wakati wa uji. Niliporudi kutoka kuchomwa sindano, godoro lake lilikuwa limeanikwa juani. Nililia kwa kujificha, maana kulia nako kulitumia hewa. Sista alikichemsha kile kinanda akanipa. Sijawahi kukipuliza. Jioni nyingine huwa nakitoa, nakipitisha mdomoni kwa ajili yake.

Ila maneno yake niliyashika, na hapa ndipo ningependa unisikilize wewe uliye kitandani. Safari hii sikujali mashavu. Sista aliponiruhusu kutembea, nilitembea hadi mwisho wa veranda nikakaa. Nilipozoea, hadi mlango wa kanisa. Baadaye hadi geti, ambako nilitazama malori yanayokwenda Kahama na Ushirombo nikawaonea wivu hata kuku waliofungwa juu yake. Kaa chini kabla hujachoka, si baada. Ukikutana na mtu anayekwambia umejaa, mshukuru, uendelee kutembea polepole. Pumzi ni kama ndama: ukimvuta kamba anakaa chini, ukimwacha anakufuata.

Niliporuhusiwa tena, nyumbani nilipewa kazi ya mzee, kufuata ng'ombe hadi lambo la kunyweshea na kurudi. Watoto wa jirani walinipita wakikimbia. Nilikuwa nikiona haya, kisha nikazoea. Nilipoweza kwenda na kurudi bila kukaa njiani, nikaanza kuguna kwa mdomo uliofungwa. Wakati wa kuchuma pamba nikaita Tinde, kwa sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili. Ng'ombe mmoja aligeuka, nikafurahi siku nzima. Nikafika Shinyanga. Solwa nilifika upepo wa kiangazi ukiwa umeanza, nikasimama hapo kwa muda, kwa sababu ya woga tu. Mvua za vuli zikanikuta Salawe. Nilikuwa nimekonda tena kidogo, mama akahuzunika, lakini miguu ilikuwa na nguvu na usiku nililala mkavu. Nilipokwenda kupigwa picha ya kifua, Sista aliishika kwenye dirisha, akasema naweza kuimba, lakini nisishindane na mtu.

Nikarudi kwenye kikundi. Jembe sikushika, nilisimama tu mbele. Kwa kuwa hewa ilikuwa haba, nikatunga miito mifupi, neno moja au mawili, jembe linapanda linashuka, linapanda linashuka. Vijana waliipenda. Shija akabadilisha mapigo kuifuata, na kabla ya palizi vikundi vya upande wa Mwakitolyo vikawa vinaita hivyo hivyo, wakidhani ni mtindo mpya. Walinisifu kwa ubunifu. Hakuna aliyejua kwamba ule ulikuwa mwendo wa mapafu mabovu, nami sikuwaambia.

Lakini moyoni nilikuwa nautaka ule mrefu. Kila nilipokwenda lambo niliujaribu. Misasi nilifika. Siku ya heri nilifika Misungwi, macho yakiona giza. Usagara, hapana. Nilijaribu asubuhi, nilijaribu jioni, nilijaribu nikiwa nimeketi, nikiwa nimeegemea mti, baada ya kula na kabla ya kula. Msimu ukaisha, mwingine ukaja, mimi niko Misungwi. Nilijaribu kuwafundisha vijana. Walinisikiliza kwa adabu, wakafika Solwa wakaanza kucheka. "Manju," mmoja akaniambia, "huo ni wa kungoja. Sisi tunataka kulima." Nilikasirika, kisha nikaona kwamba hawajawahi kuusikia wote. Waliusikia ukikatika tu.

Mwaka huo nilianza kukubali. Nilimwambia Shija kwamba nikifa, mwito wa baba nao basi. Akasema, "Na usife, basi," akaendelea kuikaza ngozi ya ngoma.

Ilikuwa alasiri, mwanzo wa mvua. Ng'ombe nilikuwa nimewaacha wanywe, nikajaribu tena, nikakata tena Misungwi, nikarudi nyumbani mapema kwa sababu ya unyonge tu. Nilipofika kwenye uzio wa minyaa nikasikia mtu anaita Tinde.

Nilidhani ni masikio yangu. Nikasimama pale nje, nikachungulia kati ya minyaa. Mama Kabula alikuwa kwenye kinu, kanipa mgongo, mchi ameuinua juu ya kichwa kwa mikono yote miwili. Alikuwa peke yake. Kwetu mwito wa jembe hutolewa na mwanamume, sijawahi kumsikia mwanamke akiuita, wala sikuwahi kumfundisha. Lakini miaka yote ile alikuwa analima nyuma yangu kwenye mstari, jembe lake likingoja juu pamoja na mengine.

Aliita Shinyanga. Aliita Solwa wakamnyima maji. Sauti yake haikuwa kubwa, ilikuwa ya mtu anayejizuia majirani wasisikie, lakini ilikuwa imenyooka. Mchi haukushuka. Salawe wakampa matobolwa. Ndipo nikayakumbuka maneno ya mama, mchi unaokaa juu kama mtu aliyesahau, na nikaelewa jioni zangu zote za wodini alikuwa akifanya nini.

Misasi. Ndama akapotea. Sikujua mikono yangu imepanda lini, lakini ilikuwa juu, mitupu, kama imeshika mpini. Misungwi. Hapo mimi huwa nafia, na nilizuia pumzi yangu, nikadhani naye atakata. Hakukata. Akaita Usagara, polepole, kama baba, bila kuiba hewa. Mikono ilianza kunitetemeka. Nikangoja. Akafika ziwani, akayataja maji, mchi ukashuka, na mikono yangu ikashuka pamoja nao.

Minyaa ikatikisika. Akageuka akaniona, na uso wake ukawa wa mtu aliyekamatwa.

"Uko hapo tangu lini, Baba Kabula?"

"Tangu Tinde," nikasema.